Nguo Zimerudi Kabatini

Baba Watoto,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji kabla hayajaungua. Kitindamimba anywe dawa ya kikohozi saa nane. Akikataa, usimhonge soda.

Asubuhi nimemfokea. Nimemkuta kafungua begi langu la safari, lile la chini ya kitanda, nguo zote kazirudisha kabatini. Eti, “Mama, ulisema viza ni miezi mitatu. Sasa mwaka!” Na kweli, leo ubalozi wameandika tena mtandaoni: wauguzi tusubiri miezi sita zaidi. Subira huvuta heri, yangu inavuta miezi tu.

~~Zirudishe begini kabla sijafika.~~ Hapana, ziache. Mwaka mzima navaa magauni mawili kama mgeni kwangu. Na ile picha yetu niliyoifungasha, itundike. Msumari bado upo.

Nikitoka wodini nakuja moja kwa moja. Mwambie dada yake asimsuke leo, nitamsuka mwenyewe. Tangu niombe viza nimemwachia dada mtu kazi hiyo, ili mtoto anizoee nikiwa sipo. Yeye kazoea. Mimi ndiye nimeshindwa.

Mama Watoto, bado nipo