Funda la Kwanza la Shabli

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi hii hoteli ingefungwa kitambo. Meneja anajua kuweka sahihi tu, lakini wageni wakirudi Voi wanamuulizia Mjomba wa baa. Ni mimi niliyemtoa tembo kwenye bwawa la kuogelea kwa kizibo cha shampeni. Kilimpata sikioni. Akainamisha kichwa, akaondoka kwa heshima.

Leo nilikuwa nafuta glasi kama kawaida meneja akatuita. Kuna cheo kipya, msimamizi wa divai. Wanaoshindania ni wawili. Mimi, miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta. Na Wakesho wa mapokezi, binti wa dada yangu, mwenye diploma. Kazi hapa nilimtafutia mimi! Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo. Divai za Ufaransa: mikoa, zabibu, sheria. Nikishindwa nitafuta glasi mpaka uzeeni, nikipokea amri za mtoto niliyemfundisha kutembea.

Haiwezekani.

Jumatano, 5 Machi

Kitabu cha mtihani ni kizito kama tofali. Shule niliachia darasa la nane, kwa hiari yangu, walimu walikuwa wameishiwa na vya kunifundisha.

Hawa Wafaransa ni watu wa vichwa vigumu. Kwenye chupa hawaandiki zabibu, wanaandika mahali. Ukiona Shabli, ujue mwenyewe kwamba ndani ni zabibu ya Shadone. Ukiona Bojole nyekundu, ni Game. Mgeni akitaka kujua zaidi, shauri yake.

Wakesho alipita akanichungulia. "Mjomba, hiyo miwani si ya Mama Mghoi?"

Miwani ya mke wangu ni miwani yangu. Diploma haikumfundisha hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepanda Wusi, milimani kwetu, kuangalia shamba. Nikiwa huko juu, kila kitu kikafunguka.

Mkoa wa Burgundi ni milima yetu. Kila mteremko na jina lake. Mashamba mawili yametenganishwa na mfereji tu, lakini hili lina sifa na lile halina. Nyekundu karibu zote ni Pino Nuwa, nyeupe ni Shadone. Bordo nyekundu ni githeri: wanachanganya Kaberne na Merlo, kila nyumba na kipimo chake.

Na sheria yao nimeielewa kuliko walioiandika. Jina ni la udongo, si la mtu. Pale Miasenyi kuna mama anawauzia wasafiri vitunguu, anaapa ni vya Wundanyi. Wundanyi havijawahi hata kupaona. Ufaransa angeburutwa kortini.

Wametuiga sisi, sema hawataki kukubali.

Jumanne, 11 Machi

Mama Mghoi ni wa kwaya. Hajaonja divai maisha yake yote, hata kwa ulimi. Sasa ananihoji akisonga ugali.

"Sanseri nyeupe?"

"Sovinyo!"

"Na nyekundu?"

Nikakohoa.

"Pino Nuwa, Baba Mghoi. Nawa mikono."

Inaudhi. Lakini nimeshika. Mikoa yote, kutoka Alsasi mpaka Provansi. Wakesho ajiandae kulia.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Niiandike kabla watu hawajaipotosha.

Mkufunzi ametoka Nairobi, anaitwa Madam Achieng. Mwanamke wa kutazama saa. Wakesho alitangulia. Alimimina bila tone kuanguka, lazima niseme. Nikaingia mimi. Maswali yote nilijibu, mengine kabla hajamaliza kuuliza. Kisha huduma. Madam akakaa kama mgeni, nimhudumie Shabli. Utaratibu ni kumwonyesha chupa, kuifungua, kummiminia kidogo aonje. Akikubali, unajaza.

Nilionyesha. Nikafungua. Nikamimina kidogo.

Nikainywa mimi.

Wakesho akaziba mdomo kwa kiganja. Madam akauliza hiyo ni nini. Nikasimama wima. Nikamwambia kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu. Marehemu baba hakuwahi kumpa mkwe kibuyu cha pombe ya miwa kabla hajanywa yeye. Kumwonjesha mgeni kwanza ni kumtuma mwenzako mbele ya nyoka.

Madam akanipa sifuri ya huduma. Niombe msamaha ndipo nirudie.

Siombi.

Jumapili, 16 Machi

Meneja amepiga simu. Mwisho wa kuomba msamaha ni Jumanne, la sivyo cheo ni cha Wakesho. Nikamwambia amsalimie.

Mama Mghoi anasema neno moja tu la samahani haliui mtu. Mimi nasema linamuua baba yangu mara ya pili. Sikula chakula cha jioni. Nilikula baadaye, kwa hasira.

Jumatano, 19 Machi

Jana mwisho ulifika ukapita, sikufungua mdomo.

Leo Madam ameniita. Kumbe amemwomba meneja asubiri, naye amekuwa akiulizia ile mila yetu. Mpishi kamwambia kwao ni vilevile, na mzee wa bustani kamwambia vilevile. Akaweka glasi mbili mezani. Moja ya kuonjea mimi, moja ya mgeni. "Sasa rudia, na ueleze kwa nini."

Nikaeleza, nikaonja, nikammiminia. Cheo ni changu.

Nimevuka Voi mjini nikitembea katikati ya barabara.

Jumamosi, 22 Machi

Wageni wa kwanza walikuwa wazee wawili, mume na mke. Nikaonja mbele yao, nikawaeleza. Yule mama akafuta macho.

Baadaye Wakesho alikuja kaunta akanipa mkono. Akasema alicheka siku ile na anaona aibu. Kwamba nimemfundisha asiogope kusema kwao ni wapi. Hakuwa anatania. Nilishika glasi nikaifuta, na ilikuwa safi.

Siku ya mtihani alimimina vizuri kuliko mimi.

Mila ni ya kweli, baba alifanya hivyo. Lakini Ijumaa ile sikumkumbuka baba. Koo lilikuwa limekauka kwa woga, na kitu cha majimaji kilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na kiu tu.