Karatasi ya daktari wa Mama

Shoga, Jumanne tarehe nane, mvua tangu alfajiri, na mimi nachemka!

Ile karatasi ya daktari ambayo kaka alitusomea mwaka jana, eti "Mama yuko salama"? Leo nimeisoma mwenyewe. MWENYEWE, shukrani kwa darasa letu la jioni! Imeandikwa: "Sukari nyingi kwa miaka inaweza kudhuru kumbukumbu. Apunguze."

Apunguze! Na kaka kila wiki anamletea keki!

Nimemuuliza. Eti, "Dada, nimnyime mama yangu utamu uzeeni?"

Utamu! Jana Mama kaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nilisali kwanza nisimrukie. Kisha nikasimama jikoni, mbele ya Mama, kaka na wifi: "Mungu ananisikia. Kuanzia leo, karatasi za Mama nazisoma mimi."