Fimbo Iliyofupika

Mwende mjukuu wangu,

Huko Mlolongo hamjambo? Huku Mwala tuko salama, mimi na mbuzi. Yule mweusi amezaa mapacha.

Umeniuliza kama ulikosea kumtoa mjomba wako Musyoka kwenye grupu ya familia.

Nilipoolewa nilichaguliwa kiongozi wa mwethya, kikundi chetu cha kuchimba mitaro ya kuzuia udongo shambani. Kila mmoja nilimpimia kipande chake kwa fimbo, na tulichimba tukiimba. Ndani ya wimbo uliweza kumwambia mtu yeyote ukweli. Siku moja Kalunde akaimba kwamba fimbo ya kiongozi hufupika ikifika kwa kipande chake mwenyewe. Wanawake walicheka mpaka wakaangusha majembe. Nikasema amenitusi, nikamfukuza.

Kesho yake hakuna aliyeimba. Walinisalimu kwa heshima, wakachimba kimya hadi jioni. Sijawahi kuwa mpweke hivyo, na nilikuwa katikati ya watu. Tena Kalunde alikuwa amesema kweli.

Grupu yenu nayo siku hizi ni kuitikia ‘Amina’ na picha za maua tu. Musyoka alipomwita shangazi yako mchawi, ulifanya vizuri kuyafuta hayo maneno. Mtu hasemwi hivyo. Lakini haya aliyoandika hata ukamtoa, kwamba mwaka umeisha na hakuna aliyekuja kuniona, niliyasoma mara mbili.

Mrudishe, mama. Hakusema uongo.

Susu yako