Barafu ya Twaiba

Munje, Agosti 1998

Kwa ndugu yangu Abubakar,

Asalaam aleikum. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta huko Tanga ukiwa mzima, unakula na kusaza. Sisi huku hatujambo. Goti langu tu ndilo limeota kiburi, nikiliambia twende linauliza wapi.

Haja yangu ni mwanao Twaiba. Uliponiachia uliniambia akitokea mchumba mwenye kazi ya kueleweka nisingoje. Basi mtoto huyo alinitia wasiwasi. Kila Jumamosi Ukunda. Akirudi, maneno yake ni barafu. Ukutani kabandika picha, kiduara chenye mabaka kama chapati iliyoungua. Nilipomuuliza, akanijibu kwa adabu kwamba hiyo ni Pluto, sayari ya mwisho, juu yake barafu tupu; kwa baridi ya huko hata hewa huganda, ikalala chini nyeupe kama unga, na ikisogelea jua kidogo hugeuka hewa tena. Nikamwambia hewa ya Munje haijapoza hata uji. Akacheka. Binti akicheka vile, ujue anaficha.

Sasa mdogo wangu, msichana wa hapa atajulia wapi barafu? Tunayoijua sisi ni ya Shutu wa Ukunda, anayewauzia wachuuzi wa samaki. Mke hana, gari analo. Nikajumlisha. Nikamfuata dukani nikamwambia binti yetu si samaki changu wa kulazwa kwenye barafu, kama ana haja naye abishe hodi kama watu. Akaapa hamjui. Nikamwambia wanaoapa ndio wabaya zaidi. Akauliza, kwa upole sana, huyo binti ni wa nyumba gani.

Nilikwenda kufukuza fisi, nikamwonyesha zizi. Wiki haikuisha, wazee wake hao mlangoni, wamevaa kanzu za Idi, wameleta posa.

Ndipo Twaiba akaniambia, analia, kwamba Jumamosi zote huwa kwa Mwalimu Nzisa, yule mama wa Kikamba aliyemfundisha sayansi, wakisoma habari za nyota. Na ameitwa chuo kikuu Nairobi, anaogopa kukwambia. Akiolewa sasa, alisema, barafu atakayoiona maisha yake yote ni ya kufunikia samaki.

Abubakar, Shutu ndiye mchumba uliyemtaka, kazi yake hata paka anaielewa. Lakini, kaa kitako. Niliwaambia wale wazee wamechelewa, Twaiba ameshaposwa na posa umeipokea wewe mwenyewe. Wakauliza mchumba yuko wapi. Nikasema mbali, kwenye baridi ya kugandisha hewa. Mmoja akauliza kama ni Ulaya. Nikasema ukifika Ulaya bado hujaanza safari. Wakanywa chai, wakanipa pole, wakaenda.

Shutu hakuridhika. Nasikia anakuja Tanga alisikie neno kinywani mwako. Ukimwambia hujui, mimi ni mwongo wa kijiji na mwanao ni mke wake kabla mwezi haujaandama. Ukimwambia ndiyo, Twaiba atasoma. Hiyo barafu ya hewa mimi bado naitilia shaka, lakini si mimi ninayekwenda kuisomea.

Wasalimie wa nyumbani kwako, na mkeo mwambie simtanii safari hii. Twaiba anakuamkia shikamoo. Amesimama hapa mlangoni, viatu ameshavaa, anangoja nitie sahihi akimbie nayo posta.

Ni mimi kaka yako,
Chirau