Mwalimu Namunyak, Aliyefunika Picha

Mwaka umetimia, Namunyak, tangu tukulaze kando ya shamba la mbaazi, na mimi mama mkwe wako bado nageuka nikisikia mtu anapuliza moto jikoni. Nadhani ni wewe unafundisha.

Ulipofika kwetu Buger kutoka Ololosokwan, umeolewa na Martini wangu, ulikuja ukainamisha kichwa mbele yangu. Kwenu ndiyo heshima, mkubwa akuguse utosini. Mimi sikujua. Nikadhani umeangusha hereni, nikainama na mimi kuitafuta, tukagongana vichwa. Martini alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, mguse kichwa!" Nikakugusa. Toka siku hiyo ukawa binti yangu.

Wengi wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu walikujua kwa watoto wadogo uliowafundisha pale kwenye kibanda cha kigango cha kanisa. Hukuanza na majina ya herufi. Ulianza na sauti, tena sauti za nyumbani kwao. Fff, tunapuliza moto. Sss, maziwa yanaingia kwenye kibuyu. Rrr, pikipiki inapanda mlima. Kisha unaziunganisha polepole, mtoto anashtuka neno limetoka kinywani mwake mwenyewe.

Jirani yetu Lazaro alikuja siku moja kumchukua Patrisi wake, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hawa ni wanafunzi au mzinga wa nyuki? Sisi tulisoma a, be, che, de, na tukaelewa."

"Shikamoo, baba Patrisi. Ingia basi utusomee ukurasa huu."

Lazaro akakumbuka ana ng'ombe wa kunywesha.

Lakini kilichokuwa chako peke yako ni kile kiganja. Mtoto anafungua kitabu, anaona ng'ombe amechorwa, anapaza sauti, "Ng'ombe!" na pale pameandikwa "maziwa". Hukumgombeza. Ulisema tu, "Umesoma picha. Sasa tusome maneno." Unaweka kiganja juu ya picha, mtoto anahangaika na sauti zake mpaka neno linatoka. Ndipo unamwambia, "Haya, fungua tuone kama picha inakubali." Unainua mkono. Furaha ya pale ilisikika mpaka barabarani.

Na mimi mtu wa darasa la saba ukaniingiza. Ulijua napenda vitendawili. Ukaniambia, "Mama, tega, lakini uwape sauti ya kwanza." Basi nikawa nakuja na kanga yangu, nasimama mbele.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Naanza na mmm. Nakula kuni na sishibi."

Patrisi akawahi, "Mama!" Kibanda kizima kikacheka. Ukamuuliza, "Mama yako anakula kuni?" Akajibu, "Hapana, mwalimu. Anazimaliza."

Ugonjwa ulipokulaza hukuniomba mengi. Ulinishika mkono ukasema, "Mama, binti yangu Selina asiimbe kitabu. Asome." Nikakuahidi.

Baada ya msiba, Selina alishika kile kitabu chako cha ndama aliyepotea, akawa anakula nacho na kulala nacho. Siku ya mahafali ya watoto wa awali akakisoma chote mbele ya watu, hakukwama popote. Watu walipiga makofi. Lazaro akamnunulia soda. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Tulipofika nyumbani nikaweka kiganja changu juu ya picha. Neno la kwanza likamshinda. Nikafungua ukurasa mwingine, nikafunika tena.

"Bibi, toa mkono. Huo siyo wa mama."

Alikuwa anaimba, Namunyak. Ulimsomea mpaka kikamkaa kichwani, na kila akikifungua alikuwa anakusikia wewe mle ndani. Ningemwambiaje akuache? Nililia siku ile. Lakini ahadi ni yangu na wewe, na sikuwa nimekuahidi kulia.

Niliomba ufunguo wa kibanda. Kuna waliotaka kiwe stoo ya mahindi. Nikawaambia mahindi yatalala kwangu, watoto watakaa pale. Basi kila jioni wakishakula tunaanza: fff, sss, rrr. Nikichanganya, Martini ananisahihisha, maana alikuwa anakusikiliza ukijiandaa. Lazaro alitugongea mabenchi bila kuitwa, na sasa rrr ya pikipiki ni kazi yake. Hakuna anayemzidi.

Selina alikaa benchi la nyuma, mikono ameikalia. Sikumlazimisha, na wala sikumwacha. Siku zote nafasi yake ipo, siku zote natega na kumtazama yeye. Masika yakapita hivyo. Tukavuna hivyo. Wakati mwingine naona midomo inacheza kidogo, halafu inafunga.

Maneno ya mwanzo ya tangazo hili niliyaandika mafupi kwa makusudi. Nilipoyamaliza hayo nikabandika juu yake picha yako, ile ya shuka la bluu, unacheka. Nikamwita Selina. Akaitazama. Nikanyoosha mkono niifunike, akanizuia.

"Niachie mimi, Bibi."

Akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya uso wako. Kwa kidole cha mkono mwingine akashika mstari wa kwanza.

"Mwa. Li. Mu." Akavuta pumzi. "Nnn. Na. Na-mu." Akakwama, akarudi mwanzo. Niliuma ncha ya kanga nisimsaidie. Mlangoni Martini alisimama na ndoo ya maziwa, haingii, hatoki.

"Na-mu-nya-k. Namunyak. Mwalimu Namunyak!"

Nikamwambia, "Haya, fungua tuone kama picha inakubali."

Akainua mkono. Akakutazama sana, mwanangu, kama mtu aliyekusubiri njiani.

"Imekubali, Bibi."

Akaweka mkono tena, akaendelea na mstari wa pili.

Kwa hiyo pumzika. Kibanda kiko wazi, na mimi nikichoka Selina atawafundisha watoto wenzake. Mwenye mtoto Buger na amlete, hata kama Kiswahili bado hajakijua. Moto kila nyumba unapulizwa.

Unakumbukwa na mumeo Martini, ambaye bado anaacha upande wako wa kitanda. Na binti yako Selina. Na wazazi wako wa Ololosokwan, Mzee Sairowua na mkewe, pamoja na mdogo wako Ngoyai, ambaye Selina anataka kumsomea tangazo hili mwenyewe. Na Lazaro, Patrisi na watoto wote wa kibanda. Na mimi, Cresensia, niliyetafuta hereni ambayo haikuanguka.

Tutakukumbuka daima, mkono ukiwa juu ya picha.