Plasta ya Tata Mulumba

Mwaka umezunguka, Tata Mulumba, tangu tukulaze makaburini hapa Kolwezi, na mke wako Mama Tshiela bado hapiti penye ukuta bila kuugonga. Ugonjwa huo aliupata kwako.

Ulipima uimara wa majengo ya zamani kwa kugonga kuta zake, ili yasibomolewe ovyo: makanisa, gare ya treni ya Tenke, nyumba za matofali walizokaa wazee wetu wa mgodi. Hata siku ya kupeleka mahari uligonga ukuta wa sebule kabla ya kusalimia wakwe. Baba mkwe akauliza, "Huyu anaoa mutoto yetu ao nyumba?" Tulicheka hadi machozi.

Na upole wako, jamani! Wajane wa Lubudi uliwapimia nyumba bure, ukarudi na kuku mkononi na chokaa kwenye nyusi.

"Batu banasemaka uongo," ulizoea kutuambia, "ukuta hapana." Palipo na ufa ulibandika juu yake kipande cha plasta ya jasi; ukuta ukisogea, plasta inapasuka. Cha mwisho ulikibandika sebuleni kwako, kabla tu ya kulazwa hospitali.

Mvua hazijaisha, Mama Tshiela akakikuta kimepasuka. Akamshuku jirani Zéphirin, aliyekuwa akichimba nyuma ya uzio na kutoa magunia yaliyofunikwa. Kwetu hapa nani asiyejua kobalti inavyochimbwa na kutembezwa kwa siri?

"Ni kisima tu, mama. Udongo ni ya batu ya matofali," Zéphirin akasema.

Mama Tshiela akaguna. Kisima gani hicho cha kuficha udongo?

Mdogo wako Mukuna, uliyempa chumba cha uani, akamtuliza: "Shemeki, uko na mashaka sana. Yaya Mulumba alikuharibu kichwa." Akabandika plasta mpya kwa mkono wake mwenyewe. Nayo ikapasuka.

Hapo mkeo akafanya ulivyomfundisha. Alibandika plasta kwenye kila ukuta, akangoja. Upande wa Zéphirin zilibaki nzima. Upande wa uani, vipande vipande!

Aliingia chumba cha uani, akakisukuma kitanda cha Mukuna, akakuta shimo linaloingia chini ya nyumba, ngazi na gunia la mawe ya kobalti.

"Yaya yako alilinda nyumba ya batu bote," alilia, "na we unaikula ya kwake?" Mukuna akafunga virago. Alihama siku hiyo hiyo.

Shimo tulilijaza kwa udongo wa kisima cha Zéphirin. Alikuwa mkweli, maskini, magunia aliyafunika tu yasilowe mvua, na Mama Tshiela alimwomba msamaha mbele yetu sote.

Wanaokukumbuka: mkeo Tshiela, binti zako Falonne na Valérie, mkwe wako Samy, wajukuu, na jirani Zéphirin. Mukuna naye ameomba jina lake liandikwe hapa. Mama Tshiela amejibu, "Plasta ipite kwanza mvua moja nzima bila kupasuka."

Nyumba yako imesimama, Tata. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.