Kidevu cha Babu

Jumanne, 2 Desemba 2025

Wiki ya pili bila kengele ya shule. Nimeshinda mtoni na Anko Eugene, nikimwoshea changarawe ya dhahabu. Dhahabu hakuna. Lakini ndani ya karai — taya! Taya la chini, kutoka mbele mpaka magego, meno manne bado yamo. Zito kama jiwe. Anko alisema nitupe, huyo ni ng'ombe. Sikutupa. Nililisugua kwa mswaki wa zamani mpaka likang'aa.

Kukhu, mamake baba, alilikuta nimelianika dirishani. Alivua kitambaa chake cha kanisa, akalifunga, akaingia nalo chumbani.

Jumatano, 3 Desemba

Kukhu anasema ni Babu.

Shimo la dhahabu lilimfukia mwaka 1987, bonde hilo hilo. Hawakumpata. Wakazika mgomba badala yake, kama ilivyo desturi yetu. Kaburi liko nyuma ya jiko, mimi ndiye hulipalilia kila likizo. Leo Kukhu amesema: miaka thelathini na minane naamkia mgomba. Jumamosi atamzika Babu mwenyewe.

Mimi huwa sisemi.

Lakini meno yale ni makubwa mno. Na kidevu hakuna! Kwa mbele taya linateremka likirudi nyuma. Watu wa Babu wote wana kidevu kirefu — baba, Anko, mimi. Shuleni waliniita Mwezi, ule mchanga uliopinda. Ndiyo maana ninainamishanga uso.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemtumia picha Madam Nekesa, aliyetufundisha historia. Niliandika meseji mara nne, nikafuta tatu. Akapiga simu! Nusura nisipokee. Aliuliza lilitoka wapi hasa, kina gani, udongo wa rangi gani. Sijui. Lilitoka kwenye rundo, na rundo ni la mashimo matatu. Na nimelisugua. Akasema kwa upole nisisugue tena.

Amewapigia watu wa makumbusho.

Ijumaa, 5 Desemba

Amekuja mmoja, Daktari Jepkorir. Mfupi, amevaa gamboti za mpira. Nilitarajia mzungu, sijui kwa nini.

Kukhu alimpa chai na viazi vitamu. Halafu akafungua kitambaa kidogo tu, kama anayeonyesha mtoto mchanga. Daktari aliweka mikono nyuma, hakugusa mpaka alipoambiwa. Alitazama sana.

Nje aliniambia hawezi kuapa kabla ya kupima, lakini huyu hakufa 1987. Pengine aliishi kabla watu hawajawa watu. Nilifurahi mno! Kisha nikamwona Anko akichimba kaburi, na jirani yetu Wanyama amekalia ndoo akimtania: Eugene, mlizika ndizi, sasa mnazika jiwe, mwakani mtazika karai? Anko alicheka. Kukhu alikuwa mlangoni. Hakucheka.

Daktari anasema sheria iko wazi, mfupa kama huu ni wa nchi, hauzikwi. Angeweza kuja na chifu. Hataki. Atarudi kesho saa nne. Akaniuliza: wewe ndiye uliyeupata, huwezi kumwambia nyanya yako?

Nilisema nitajaribu. Nilimpelekea Kukhu maji ya kuoga, nikasimama mlangoni. Nikasema maji ni moto. Basi.

Jumamosi, 6 Desemba

Saa tatu na nusu. Ninaandika nimesimama jikoni.

Nimemwambia! Tulikuwa tunamenya viazi. Nikasema, Kukhu, huyo hana kidevu. Aliendelea kumenya. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akaniuliza kama ninataka arudie kuamkia mgomba.

Nikaokota kiazi kingine.

Alijipangusa mikono, akatoka. Namwona kupitia dirisha. Ameketi kando ya lile shimo, amevaa gauni lake la Krismasi, kitambaa kiko mapajani. Anko ameegemea jembe. Ng'ambo ya ua nasikia gari linapunguza mwendo.

Kukhu amelegeza fundo la kwanza. Ananiita. Anasema nije nichuchumae mbele yake, karibu kabisa, na leo nisiinamishe uso.